Bunduki ya Upepo na Shida ya Kuilisha Risasi

Somo letu la leo ni juu ya bunduki ya upepo, yaani bunduki isiyotumia baruti. Wale mnaosikiliza kwa vikundi, Tarime na Mugumu na kwingineko, mwenye kalamu na aiweke karibu.

Tuanze na swali. Ninyi mkaao kando ya mbuga ya Serengeti huenda mmepata kumwona daktari wa wanyama akija kumwokoa simba au tembo aliyenaswa na waya wa mtego. Huja na bunduki isiyo na kishindo. Hutia mshale mmoja wenye dawa ya usingizi, hulenga, hupiga. Akikosa, hana budi kufungua bunduki na kutia mshale mwingine, na huku mnyama amekwisha shtuka, na waya unazidi kumkata. Mtu aweza kuuliza: kwa nini daktari huyu asipewe bunduki ya kutoa mishale kumi mfululizo? Je, mafundi wameshindwa?

Jibu liko katika namna bunduki inavyolishwa. Kupata upepo si kazi ngumu. Hata pampu ya baiskeli hutoa upepo. Kazi ni kuleta risasi ya pili mahali ilipokuwa ya kwanza, kila mara, bila kukwama na bila kumdanganya mtu.

Kila aliyecheza utotoni kwa bua la mpapai anajua mwanzo wa jambo hili. Ukitia mbegu bua likiwa limelala, mbegu hukaa tu. Uliinue, nayo hujiviringisha mpaka chini. Hivyo ndivyo ilivyofanya kazi bunduki ya Bartolomeo Girandoni, fundi wa Tirol, aliyeibuni mwaka 1779 hivi. Jeshi la Austria lilianza kuitumia mwaka 1780. Ubavuni mwa mtutu palikuwa na mrija uliochukua gololi za risasi zipatazo ishirini. Askari aliinua mdomo wa bunduki juu, gololi moja ikateremka ndani ya tundu la kipande cha chuma, akakisukuma kwa kidole gumba, nayo ikafika mbele ya njia ya upepo. Upepo wenyewe ulikaa katika kitako, nacho kilikuwa chupa ya chuma. Kukijaza kulitaka kupiga pampu mara 1,500 hivi. Kikijaa, kilitosha kupiga mara thelathini kwa nguvu ya kufaa. Mlinganisheni askari huyo na mwenye gobole, ambaye baada ya kila mlio hushindilia upya baruti na vyuma kwa ufito! Hata hivyo asiyeinua mdomo wa bunduki alifyatua upepo mtupu, na gololi iliyozidi ukubwa kidogo tu ilikwama.

Sasa sikilizeni upande wa hatari. Mwaka 1803 Meriwether Lewis alitumwa na serikali ya Marekani kuchunguza nchi za magharibi, naye alichukua bunduki ya upepo ya kupiga mfululizo. Wachunguzi wengi husadiki kuwa ilikuwa ya namna hiyo ya Girandoni. Mwezi wa Agosti, karibu na Pittsburgh, aliwaonyesha watu, akapiga mara saba. Kisha akampa bwana mmoja asiyeizoea. Bunduki ikafyatuka mkononi mwa bwana yule, gololi ikamchana panja mwanamke aliyekuwa mbali yapata yadi 40. Alianguka, damu ikamwagika, wote wakadhani amekufa. Bahati njema alizinduka. Mwenye gobole akishapiga, watu hupumua, kwa kuwa wanajua kwamba pana kazi ya kushindilia. Bunduki yenye magazini haimpi mtu nafasi ya namna hiyo.

Tena kuna jambo baya zaidi, nalo ni gololi iliyojificha. Bunduki nyingi za watoto kule Marekani, kama zile za kampuni ya Daisy, hulishwa kwa kuviringika vilevile, na moja yao huchukua gololi 650. Mwaka 2001 idara ya serikali ya Marekani inayoangalia usalama wa bidhaa iliishtaki kampuni hiyo kwa ajili ya namna mbili za bunduki zake. Ilidai kwamba gololi huweza kunasa ndani ya magazini, mtu akatikisa asisikie kitu, akafyatua ukatoka upepo tu, akaamini kuwa bunduki ni tupu. Kisha gololi ikajinasua. Idara ilitaja vifo visivyopungua 15, na wengi wa walioumia walikuwa chini ya umri wa miaka 16. Kampuni ilikana kuwa bunduki zake zina kasoro, na mwaka 2003 shauri lilimalizwa kwa mapatano.

Mtauliza, kwa nini wasiache gololi? Risasi ya bunduki ya upepo iliyo bora kwa shabaha si ya mviringo. Ina kichwa, kiuno chembamba, na nyuma ina kitu kama sketi, tupu ndani, ili upepo uipanue na kuibana katika mtutu. Lakini zipange risasi hizo katika mrija na uzisukume kwa springi: kichwa cha moja huingia katika sketi ya nyingine, kama ndoo zilizopangwa dukani. Nazo ni laini mno. Sketi ikipindwa kidogo, upepo huvuja na shabaha hupotea. Ndiyo sababu mafundi wengi huzitenga katika gurudumu dogo lenye matundu, kila risasi na chumba chake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya akili kuliko zote, maana mtu huweza kuhesabu matundu kwa macho.

Turudi kwa daktari wetu. Bunduki yake nyingi ni za hewa ya kaboni, hewa ileile inayofanya soda itoe povu. Huongeza au kupunguza nguvu kwa kutazama geji, kadiri mnyama alivyo mbali. Mshale wake ni bomba la sindano: mbele pana dawa, nyuma pana hewa iliyoshindiliwa, na tundu la sindano limefunikwa kwa kijipira. Ukimchoma mnyama, kijipira husogea nyuma na hewa husukuma dawa ndani. Kitu kama hicho hakiviringiki wala hakipendi kusukumwa na springi. Tena kipimo cha tembo si cha simba, basi kila mshale hutayarishwa kwa ajili ya mnyama mmoja.

Dawa itumiwayo kwa tembo, M99, ilijaribiwa sana Afrika Mashariki katika miaka ya 1960, na Dakta Harthoorn ni mmoja wa walioifanyia kazi. Ni kali mno. Tone dogo laweza kumwua mtu. Na mshale uliokosa shabaha huanguka majanini. Basi mchunga ng'ombe akiona kijibomba chenye sindano, asikiguse hata kwa fimbo. Aweke alama kando yake, awazuie wenzake na mifugo, kisha aende kumwita askari wa wanyama aje kukichukua.