Kwa nini matairi ya fowili yanaisha vibaya, upande huku na upande kule?

Umefunga matairi manne mapya siku moja. Baada ya miezi michache, ya mbele yana kipara ukingoni, ya nyuma bado yana kashata. Hapa Katavi wengi huilaumu barabara, au husema tairi ni feki. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kabla hujanunua jingine, msikilizaji wetu, litazame hilo la zamani vizuri, maana namna lilivyolika inaonyesha gari linaumwa wapi.

Likilika katikati tu, upepo umezidi. Likilika kingo zote mbili huku katikati pakibaki pazima, upepo ni mdogo. Hili la pili huwapata sana wanaopunguza upepo ili kujinasua kwenye tope au mchanga, kisha wanasahau kuurudisha. Lina hatari pia: tairi lenye upepo mdogo, likibebeshwa magunia ya mpunga kutoka Mpimbwe na kukimbizwa, linapata moto ndani hadi linapasuka. Likipasuka kwenye kipande kinachokatiza Hifadhi ya Katavi, baada ya Sitalike, utapiga jeki huku ukiangalia nyuma kama kuna nyati au simba, na mbung'o nao hawakusubiri umalize.

Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi la moto husoma upepo mwingi kuliko ulivyo, hivyo usiupunguze ukiwa njiani. Kiasi sahihi kwa kawaida kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva.

Likilika ukingo mmoja tu, mwambie fundi akague beringi, boljointi, bushi na tairodi kwanza, ndipo afanye alaimenti. Kufanya alaimenti kwenye gari lenye tairodi iliyolegea ni kutupa hela. Ukiona mabaka, hapa limelika na pale halijalika, shuku shokapu au balansi. Halafu pitisha kiganja juu ya tairi: kama upande mmoja ni laini na ukirudisha mkono kunakwaruza kama msumeno, magurudumu ya mbele hayaelekei sawa.

Kuna sababu nyingine ambayo gari dogo halina, na kwetu tunaiona ni kubwa. Kwenye Land Cruiser mkonga na pikapu nyingi, ukiingiza fowili, mbele na nyuma vinafungwa vizunguke kwa mwendo mmoja. Ila kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope hakuna tatizo, kwa kuwa tairi huteleza kidogo na tofauti inaisha. Kwenye lami kavu haliwezi kuteleza, kwa hiyo linaburuzwa. Dereva anayetoka Karema masika, akafika kwenye lami na fowili bado iko ndani, anasaga matairi yake kila kona na kuikaza mitambo ya chini. Dalili utazisikia: usukani unakuwa mzito, gari kwenye kona linakuwa kama limeshikwa breki, na gia ya fowili inagoma kutoka. Ikigoma, rudi nyuma polepole mita chache ukiwa umenyoosha usukani, halafu jaribu tena.

Magari yanayovuta kwa magurudumu yote muda wote, kama Prado nyingi, yana difu ya katikati inayoachia tofauti hiyo. Hayo usiyafungie difu kwenye lami.

Kwa sababu hiyohiyo, usichanganye tairi jipya na vipara kwenye fowili. Jipya ni pana zaidi kwa mzunguko, na difu ndiyo inayolipa. Badilishaneni nafasi za matairi, mbele kwa nyuma, kila kilomita 10,000 hivi. Kwa barabara zetu za vumbi tungesema hata 5,000. Spea iingizwe kwenye zamu kama ni saizi ileile. Tairi lililoanza kuonyesha waya halihamishiwi popote, hata nyuma.