Barabara ya Tanzam: Ilijengwa kwa ajili ya shaba, ikalea miji

Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia ya walowezi, Zambia ilibanwa: reli ya kupeleka shaba yake baharini na kuiletea mafuta ilipita kwa hasimu huyo huyo. Malori yakageuziwa Dar es Salaam, kwenye njia ya vumbi na matope iliyoua madereva hadi wageni wakaiita Njia ya Jehanamu. Lami ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia.

Hadi leo malori mengi yanayopanga foleni kwenye mizani ya Vigwaza, Mikese na Wenda yanakwenda Zambia au Kongo. Lakini dereva hula, hulala na huziba pancha, na kila anaposimama pana mtu wa kumhudumia. Hivyo ndivyo miji mingi ya barabara hii ilivyozaliwa.

Chalinze imekua kwa sababu hapo ndipo wa Tanga na Arusha wanapoachana na wa Morogoro. Ukishapita Msamvu, panapochepuka njia ya Dodoma, unaingia hifadhi ya Mikumi: takriban kilomita 50 za swala na pundamilia kando ya lami, na kila mnyama ukimgonga ana faini yake. Ruaha Mbuyuni ni joto, mibuyu na vitunguu; mabasi husimama abiria wachimbe dawa. Kisha mlima Kitonga. Mwamba huku, korongo kule, na lori moja likizimika kwenye kona, Nyanda za Juu Kusini nzima zinasubiri.

Juu ya mlima, Ilula inauza nyanya. Iringa, mji wa boma la Wajerumani, uko kilimani. Barabara inapita chini yake, Ipogolo. Mafinga inaishi kwa mbao za Sao Hill. Makambako imeshika njia ya Njombe na Songea, na hapo ndipo reli ya TAZARA inapokutana na lami. Uyole inagawa wa Malawi na wa Zambia. Mwisho Tunduma, mji wa wabadilisha fedha, malori na magari ya IT yanayovushwa kwenda nchi jirani, mkubwa kuliko Vwawa yenye ofisi za mkoa wa Songwe. Serikali ilichagua Vwawa. Madereva walishachagua Tunduma.

Sasa jijini Mbeya barabara inapanuliwa kuwa njia nne, na kwingineko zinazungumzwa barabara za kulipia na michepuko ya kuyatoa malori mjini. Vifo na foleni vinadai hatua hizo. Ila wanaochora michepuko wachore pia maegesho, vyoo na masoko. Wasipofanya hivyo, mama ntilie atahamishia jiko lake kwenye ukingo wa lami mpya, kwa sababu wateja wake wako huko, na ajali zitamfuata.