Roboti Mcheza Mpira

Kurusha mpira juu mfululizo bila ya kuuangusha ni mchezo wa mtoto. Kwa mashine ni mtihani mzito. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Alfred Rizzi na Daniel Koditschek wa Chuo Kikuu cha Yale waliushinda kwa kanuni nyepesi: kamera ziutazame mpira, na kibao cha roboti kiigize mwendo wake kama sura kiooni. Mpira ushukapo, kibao hupanda kuulaki; ukipungukiwa nguvu, hupigwa kwa kasi zaidi; ukizidi, kwa upole. Kila pigo husahihisha lililotangulia.

Wenye dhamana ya elimu visiwani na wazingatie: msingi wa maarifa hayo ni kanuni za mwendo zifundishwazo sekondari. Skuli isiyo na mwalimu wa hisabati huwafungia vijana wetu mlango huo.