Kiinimacho Kinavyoua katika Master of Magic

Katika michezo ya kompyuta ya mikakati iliyowekwa kwenye ulimwengu wa kubuni wa wachawi na majoka, kiumbe wa kiinimacho, yaani kiumbe anayeonekana na kupigana ilhali hana mwili, huzua swali ambalo mbunifu wa mchezo hana budi kulijibu kwa hesabu: kisichokuwepo kitauaje? Jibu lililofikiriwa vizuri kuliko mengine limo katika Master of Magic, mchezo uliobuniwa na Steve Barcia wa kampuni ya Simtex na kutolewa na MicroProse mwaka 1994, ambamo mchezaji ni mchawi anayejenga miji, kuongoza majeshi na kuita viumbe vitani kwa kutumia mana, yaani akiba yake ya nguvu za kichawi.

Pigo la kawaida katika mchezo huo hupimwa kwa hatua mbili. Nguvu ya mshambuliaji huandikwa kwa idadi ya panga, na kila upanga, kwa kiwango cha msingi, una uwezekano wa asilimia 30 wa kumpata adui. Kisha ngao za adui huhesabiwa, na kila ngao nayo ina uwezekano wa asilimia 30 wa kuzuia pigo moja kati ya yaliyompata. Mwenye ngao 8 huzuia kwa wastani mapigo 2.4, na kwa kuwa ngao hizo huhesabiwa upya dhidi ya kila mpiganaji wa kikosi kinachoshambulia, kundi la wapiganaji wengi walio dhaifu huambulia patupu mbele ya adui mwenye deraya nzito.

Pigo la kiinimacho huifuta hatua ya pili, kwa maana ngao hazihesabiwi hata kidogo. Fikra iliyo nyuma ya kanuni hiyo ni ya kina: askari huumizwa na kile anachosadiki kuwa kimempata, na deraya, hata iwe nene kiasi gani, haiwezi kuukinga moyo uliokwisha kusadiki. Tawi la uchawi linalohusika, ambalo ni la sihiri, lina viumbe wawili wa namna hii wanaoitwa katikati ya pigano na kutoweka linapokwisha. Wa kwanza ni kikosi cha wapiganaji 6 wenye panga 3 kila mmoja, na wa pili ni mnyama mmoja mwenye panga 18. Jumla ya panga ni ile ile, na mapigo yanayotarajiwa, yaani 5.4, hayatofautiani, kwa sababu kugawanyika kwa nguvu hakuna hasara pale ambapo hakuna ngao ya kuitoza. Kinachotofautiana ni uthabiti: wote hawana ngao, lakini mpiganaji mmoja hufa kwa dhara moja tu na kuondoka na panga zake, ilhali mnyama huhimili madhara 20 na kushambulia kwa nguvu zote hadi mwisho, na ndiyo maana wapiganaji hugharimu mana 10 na mnyama 35.

Mambo hubadilika adui anapokuwa na kinga dhidi ya kiinimacho, ambayo viumbe wa tawi la mauti, kama vile mifupa inayotembea, huwa nayo kwa asili, na ambayo uchawi wa tawi la uhai unaweza kumpa askari yeyote kwa kumfumbua macho. Kinga hii haifuti pigo. Inazirudisha ngao tu, na kwa ngao 8 wapiganaji 6 karibu hawafui dafu, ilhali mnyama bado hubakiwa na mapigo yapatayo 3. Kinga hiyo hiyo humwezesha mwenye nayo kuwaona wasioonekana, na huu ni mshikamano wa kanuni unaostahili kusifiwa, kwani dawa ya udanganyifu wa kila aina imekuwa moja, nayo ni kuona.

Warcraft III ya mwaka 2002 ilishika njia nyingine. Shujaa aitwaye Blademaster hujigawa katika taswira zisizozidi 3, zinazofanana naye lakini zisizodhuru chochote, na papo hapo nafasi zao huchanganywa. Anayedanganywa hapa si askari ndani ya mchezo, bali binadamu anayecheza upande wa pili, ambaye hutawanya mashambulizi yake ovyo hadi atazame kwa makini ni upanga upi, kati ya zote zinazopunga mbele yake, unaopunguza uhai wa askari wake.