Je, Wajua? Kamera Inayoingia Mtandaoni Bila Kutaja Nenosiri

Ukiwasha simu asubuhi, laini inashika mtandao kabla hujamaliza kupiga mwayo, na hakuna anayekuuliza nenosiri la kampuni ya simu. Ile PIN ya tarakimu nne ni ya kuifungua kadi tu. Mnara hauijui wala hauihitaji. Ndani ya kadi ya laini kuna ufunguo wa siri ulioingizwa kiwandani, na nakala yake inatunzwa kwenye mitambo ya kampuni. Mtandao unaipelekea kadi namba ya kubahatisha, kadi inaipigia hesabu kwa ufunguo wake na kurudisha jibu, mitambo nayo inapiga hesabu ileile upande wake. Majibu yakilingana, umepita. Ufunguo wenyewe haujaruka hewani hata mara moja.

Sasa tazama Wi-Fi ya ofisi ya kawaida. Nenosiri ni moja, na limebandikwa mapokezi. Mhasibu analo, mgeni wa juzi analo, fundi aliyefunga kamera analo, na kijana aliyeacha kazi mwaka jana bado analo kwenye simu yake. Kila mtu anajua kwamba inafaa libadilishwe, na kila mtu anajua kwa nini halibadilishwi: siku likibadilika, kamera zote zinakatika, printa inanuna, mashine ya alama za vidole mlangoni haisajili mahudhurio, na lazima mtu apande ngazi kukifikia kifaa kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo linabaki lilelile miaka na miaka.

Vifaa janja vimekuja na nenosiri lake vyenyewe, lile la kiwandani, na hilo ndilo lililotia aibu. Tarehe 21 Oktoba 2016, watu wengi wa mashariki mwa Marekani walishindwa kwa saa kadhaa kufungua Twitter, Netflix na tovuti nyingine kubwa. Mashambulizi yalikuwa yameelekezwa kwa Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti hizo, na jeshi lililotumika lilikuwa la kamera za ulinzi, mashine za kurekodia picha zake na ruta za majumbani. Programu iliyoziteka iliitwa Mirai. Vijana watatu wa Kimarekani walikuja kukiri mahakamani mwaka 2017 kwamba waliitengeneza, na msimbo wake ulikuwa umeshamwagwa mtandaoni wiki chache kabla ya siku ile. Ujanja wake ulikuwa mdogo wa kusikitisha. Ilizunguka intaneti ikigonga mlango wa kila kifaa na kujaribu orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani yapatayo 60, ya aina ya “admin” na “admin”. Ilitosha. Uingereza ilingoja hadi tarehe 29 Aprili 2024 ndipo sheria yake ya kupiga marufuku vifaa vya aina hiyo vyenye nenosiri moja la kiwanda kwa wote ikaanza kazi.

Dawa ilikuwepo zamani. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walitangaza wazo la funguo zinazozaliwa mbilimbili: mmoja wa siri, mwingine wa wazi, na kilichotiwa saini kwa ule wa siri huhakikiwa kwa ule wa wazi. Mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wakiwa chuo cha MIT, walipata hesabu ya kulitekeleza. Tofauti na kadi ya laini, hapa upande wa pili hauhitaji kutunza nakala ya siri yako. Hata mtu akiiba kompyuta nzima ya anayekukagua, hapati cha kumsaidia kujifanya wewe.

Lakini likabaki swali gumu. Ufunguo wa wazi ni namba ndefu tu. Nitajuaje kwamba huu ni wa kamera ya lango la nyuma, na si wa kompyuta ya mwizi aliyekaa ndani ya gari nje ya ukuta? Diffie na Hellman waliwaza juu ya daftari la pamoja ambalo kila mtu angelitazama. Loren Kohnfelder, mwanafunzi wa shahada ya kwanza hapo MIT, aliandika katika tasnifu yake ya mwaka 1978 jambo jepesi zaidi: kila ufunguo wa wazi usafiri na uthibitisho wake, uliotiwa saini na mmoja anayeaminiwa na wote. Hicho ndicho cheti cha kidijitali. Miaka kumi baadaye, 1988, shirika la viwango vya mawasiliano la kimataifa likakipa umbo rasmi na jina kavu, X.509, kikiwa sehemu ndogo ya mradi mkubwa wa daftari la dunia nzima la watu na mitambo. Daftari lenyewe halikuja kushika kama lilivyokusudiwa. Cheti kilichotungwa kulilinda ndicho kinachoendesha benki, serikali na ununuzi wa mtandaoni leo.

Anayetaka kuelewa kazi ya cheti aifikirie barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Karani wa benki hakujui, wala hahitaji kukujua, anaujua mhuri. Ila barua ya mwenyekiti ikiokotwa na mwingine inaweza kutumika, na cheti hakiwezi, kwa sababu aliyekiokota hana ufunguo wa siri unaoendana nacho. Ndiyo maana cheti chenyewe si siri kabisa. Kibandike hata ukutani.

Ukikifungua utakuta faili dogo, mara nyingi chini ya kilobaiti 2. Linaanza na deshi tano, maneno BEGIN CERTIFICATE, deshi tano nyingine, halafu mistari ya herufi 64 zisizosomeka. Karibu kila mara herufi tatu za kwanza ni MII. Hakuna fumbo hapo: ni kompyuta inatangaza kwamba furushi linakuja na urefu wake unafuata, na tangazo hilo likiandikwa kwa herufi hutoka hivyo. Programu ya kukagua vyeti italifumua furushi na kukuonyesha namba ya mfululizo, jina la aliyetoa, jina la mwenye cheti, tarehe ya kuanza na ya kwisha, ufunguo wa wazi, kisha saini ya mtoaji. Badilisha herufi moja tu, saini inakataa.

Tuifuate kamera inapowashwa katika jengo linalotumia utaratibu huu. Inaitafuta Wi-Fi na kuipata, lakini mlango umefungwa. Hakuna anwani itakayopewa, hakuna kompyuta itakayoiona. Kuna upenyo mmoja tu wa mazungumzo ya utambulisho, uliowekwa na kiwango cha 802.1X cha mwaka 2001, na kiwango hichohicho hufanya kazi kwa waya na kwa hewa. Antena ya Wi-Fi iliyoko darini haiamui lolote. Inayapeleka mazungumzo kwa seva iliyoko ndani, ambayo mafundi wanaiita RADIUS. Seva ndiyo inayotangulia kutoa cheti chake. Kamera inakikagua: je, kimetiwa saini na mamlaka ya vyeti niliyotambulishwa siku ya kufungwa? Ikiridhika, inatoa chake. Kisha ifuatayo ndiyo hatua yenye uzito: kamera inachukua muhtasari wa yote yaliyosemwa tangu mwanzo wa mazungumzo na kuutia saini kwa ufunguo wake wa siri. Mazungumzo ya kila safari yana namba mpya za kubahatisha, kwa hiyo saini ya jana haifai leo, na aliyenasa yote yaliyopita hewani hana anachoweza kurudia. Seva inahakiki, inatazama tarehe, inatazama orodha ya vyeti vilivyofutwa, na kuiambia antena: mruhusu. Yote hayo huchukua muda mfupi, mara nyingi sekunde moja au mbili. Jina lake ni EAP-TLS, lilitoka mara ya kwanza 1999, na toleo la 2022 linavificha vyeti vyenyewe wakati vikisafiri.

Kwamba seva inaanza kujitambulisha si adabu tu. Vyuo vikuu vya Kenya, Uganda na vya nchi nyingi duniani vimeunganishwa na eduroam, mtandao wa Wi-Fi unaosimama juu ya 802.1X hiyohiyo, na huko wanafunzi wengi bado wanaingia kwa jina na nenosiri. Mtu akitega antena bandia yenye jina lilelile karibu na mgahawa, simu isiyokagua cheti cha seva inaweza kumpa mtegaji nenosiri au kitu cha kumsaidia kulikisia. Watu wengi wakiona onyo la cheti hubonyeza “Kubali” ili maisha yaendelee. Google ilifikia hatua ya kuliondoa kabisa lile chaguo la kutokagua, kwenye sasisho la Android 11 la Desemba 2020, na malalamiko hayakukosekana. Kamera haina kidole cha kubonyeza wala haraka ya kuwahi kipindi. Seva isipothibitika, inanyamaza.

Faida kwa fundi inaonekana siku kifaa kinapoibiwa. Anakifuta cheti kimoja, na vingine vyote vinaendelea bila kuguswa, hakuna ngazi. Seva pia, inapokiruhusu kifaa, inaweza kukitajia sehemu yake ya mtandao, kamera zikae na kamera, mashine za uhasibu zikae kwao. Kamera ikitekwa, haioni mishahara.

Hesabu za vyeti hazijawahi kunitia wasiwasi. Kinachonitia wasiwasi ni tarehe. Mnamo tarehe 6 Desemba 2018 mtandao wa O2 wa Uingereza, wenye watumiaji wapatao milioni 32, ulipoteza data siku nzima. Vibao vya vituo vya mabasi London, vile vinavyosema basi litafika baada ya dakika ngapi, vikakosa la kusema. Siku hiyohiyo SoftBank ya Japani ilipatwa na masaibu hayohayo. Hapakuwa na mdukuzi. Kampuni ya Ericsson, ambayo mitambo yake ilitumiwa na zote mbili, ilieleza kwamba cheti kilichokuwa ndani ya programu ya mitambo hiyo kilikuwa kimekwisha muda. Yaani mtambo wa mamilioni ya fedha ulisimama kwa sababu hakuna aliyeandika tarehe kwenye kalenda.

Kwa vifaa vidogo shida hiyo ina sura nyingine. Bodi nyingi za bei nafuu, zikiwemo Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5, hazina saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Nyingi kati ya bodi hizo zikiwashwa upya hudhani ni tarehe 1 Januari 1970, siku ambayo kompyuta za ukoo wa Unix huanzia kuhesabu. Kifaa kinapewa cheti cha seva kilichoanza kutumika 2024, kinatazama saa yake na kusema: hiki bado hakijaanza. Kinakataa kuingia. Ili kirekebishe saa kinahitaji mtandao, na ili kipate mtandao kinahitaji saa. Fundi asiyeujua mtego huu atabadilisha vyeti mpaka usiku. Wanaoujua huweka betri ndogo ya duara, au hukiagiza kifaa kihifadhi saa ya mwisho kilichoijua na kisikubali kamwe kurudi nyuma ya hapo.

Wateja wa umeme wa LUKU Tanzania na wa tokeni Kenya walionja jambo la aina hiyo mwaka 2024. Kila tokeni ya umeme ilikuwa ikibeba muda uliohesabiwa kwa dakika tangu 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana watu waliingiza kwanza mafungu mawili ya tarakimu 20 kabla ya tokeni yenyewe, wakinung'unika. Kwenye mita zile hakuna vyeti, ila kalenda ni ileile isiyosamehe.

Watengenezaji wa vifaa wamelijibu tatizo hili la tarehe kwa namna ya kuchekesha kidogo. Kuna kiwango kinachoitwa 802.1AR, kinachokipa kifaa cheti cha kuzaliwa kiwandani, kikiwa na ufunguo wa siri ndani ya chipu usioweza kutolewa. Kwa kuwa hakuna ajuaye kifaa kitaishi hadi lini, sheria za X.509 zinaruhusu kuandika kwamba cheti kinaisha tarehe 31 Desemba 9999, saa sita kasoro sekunde moja usiku. Balbu ya miaka mitano, cheti cha karibu miaka elfu nane. Mwenye jengo hukitumia hicho kujiridhisha kwamba kifaa ni halisi, halafu hukipa chake cha muda mfupi, kinachohuishwa chenyewe.

Mpango huohuo sasa unaingia nyumbani kupitia Matter, kiwango cha vifaa vya majumbani kilichotoka Oktoba 2022. Unaelekeza simu kwenye msimbo wa QR wa balbu, balbu inaonyesha cheti cha kiwanda na kutia saini namba iliyopewa, kisha mfumo wa nyumba yako unaitolea cheti kingine cha kuishi humo. Kwa maneno mengine, nyumba imekuwa mamlaka ya vyeti, ingawa mwenye nyumba anachoona ni taa tu inayowaka. Balbu hiyo, ikiwa ni ya Wi-Fi, bado inaingia kwenye ruta kwa nenosiri la kawaida. Cheti kinalinda mazungumzo yake na simu, si mlango.

Na hapo ndipo tulipo. TV janja nyingi, balbu nyingi na kamera nyingi za bei ya chini hazijui 802.1X kabisa. Ofisini mafundi huishia kuziruhusu kwa namba ya maunzi iliyochapwa nyuma ya kifaa, namba ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta anaiiga kwa dakika moja, kisha huzitenga kwenye mtandao wa peke yake na kuomba heri. Ukienda dukani kununua kamera za ofisi, muulize muuzaji kama zinapokea cheti cha EAP-TLS na kama zina saa yenye betri. Uwezekano mkubwa atakujibu kwamba zina megapikseli nane na zinaona gizani.