Mtuma Salamu na Jina Lake

Msomaji, ukija Malili kumtafuta mtuma salamu wa redio, usiulizie jina la kitambulisho. Hutaonyeshwa nyumba. Taja jina analosomwa nalo redioni.

Sisi Wakamba jina hutungoja mlangoni: aliyezaliwa usiku ni Mutuku, wa asubuhi ni Kioko, wa wakati wa mvua ni Wambua. La redioni mtu hujichagulia, na kazi hiyo si ndogo. Liwe jepesi, mtangazaji asijikwae. Lisiwe la mwenzako, maana mtagombana. Tena Malili lazima itajwe, ili abiria wa barabara ya Mombasa ajue kwamba hapa si pa kupita tu.

Mimi ni Wambua. Enzi za Sauti ya Kenya, kabla ya kuitwa KBC mwaka 1989, nilikuwa kibarua Mombasa, nikajiita Mvua ya Malili. Kadi zangu zilisomwa, nami nikatembea kifua mbele. Niliporudi nyumbani Desemba, mwaitu alinipokea kwa ubaridi. Ati watoto wa wenzake waliwasalimu mama zao mwaka mzima, wake kimya! Nikamweleza. Akanitazama.

"Kumbe ni wewe? Nami nilikuwa nikimwonea gere mama wa huyo Mvua!"

Kadi iliyofuata niliandika: Wambua Mvua ya Malili, mwana wa mwaitu. Watangazaji wakalikata mara nyingi. Siku hizi salamu nyingi hupita kwenye simu, na vijana hujipa majina yenye tarakimu. Mimi bado ni yule yule, kwa urefu ule ule.