Maadili katika Utungaji wa Masomo

Mganga akikosea dawa, mgonjwa huweza kulalamika. Mtunzi wa somo akikosea, mwanafunzi aghalabu hujilaumu mwenyewe na kujiona mjinga. Hii ndiyo sababu kazi ya kutunga masomo inahitaji maadili: mtunzi huamua mambo mengi kwa niaba ya watu asiowaona, nao hawana nafasi ya kumwuliza.

Yafaa ieleweke kwamba maadili hayo hayakai katika dibaji ya kitabu, bali katika ufundi wenyewe wa kulipanga somo. Tuchukue mfano wa kampeni ya Mtu ni Afya iliyoendeshwa Tanzania mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni 2 walijifunza katika vikundi namna ya kujikinga na maradhi kama malaria, safura na kichocho. Njia zilizotumika zilikuwa redio, vitabu, na majadiliano yaliyosimamiwa na viongozi waliofunzwa kazi hiyo.

Kila njia ilikuwa na upungufu wake. Kitabu peke yake kingemwacha asiyejua kusoma. Redio peke yake isingeweza kujibu swali. Zilipounganishwa, upungufu wa moja ulizibwa na nyingine. Zaidi ya hayo, vikundi vilijadili na kuamua vyenyewe hatua za kuchukua, kama vile kuchimba vyoo. Mwanakisomo hakuwa mtu wa kupokea amri tu.

Mwalimu atungaye somo la sayansi naye hana budi kujiuliza maswali matatu. Kwanza, ni nani atakayeachwa nyuma? Zoezi la nyumbani lihitajilo umeme hupima uwezo wa mzazi, si akili ya mtoto. Pili, je, nililorahisisha lingali kweli? Kusema kwamba mbu huzaa malaria ni rahisi, lakini ni uongo; mbu jike wa jamii ya anofelesi hueneza vimelea vya ugonjwa huo kutoka kwa mtu hadi mtu. Tatu, je, somo limejaribiwa kwa wanafunzi wachache kabla ya kupewa wengi, nao wakaelezwa kwamba kinachopimwa ni somo, si wao?

Endapo wengi watashindwa katika jaribio hilo, mtunzi na alikague somo lake kwanza, kabla ya kumhukumu mwanafunzi.